Sungusungu kwenye maganda ya kunde, au ni mdudu mwingine?

Mkunde_Dodoma
Wakuu, kunde zimeanza kutoa maganda na juu yake kuna vidudu vyeusi mithili ya sungusungu, vyenye mbio zilezile. Maganda mengine yamenyauka mabichi, punje zimesinyaa. Nipulizie dawa ya sungusungu?

FundiWadudu
Subiri kwanza, mkuu. Yaelekea hao ni tunutu, yaani wachanga, wa Riptortus dentipes, mdudu mfyonza maganda wa familia ya Alydidae. Wanaigiza sungusungu kwa sababu ndege wengi hawapendi kumla sungusungu.

Mtie mmoja kwenye chupa ya kioo, umtazame kwa chini. Sungusungu ana taya za kubana. Huyu ana mrija wa kunyonya, ameulaza chini ya kifua. Vipapasio vya sungusungu vimepinda kama kiwiko, vya huyu havina kiwiko na vina pingili nne tu. Kiuno ndicho kinachowadanganya watu: kwa mbali ni chembamba, lakini kile kifundo cha sungusungu kati ya kifua na tumbo hukioni.

Akikomaa hafanani tena na sungusungu. Ni mwembamba, wa kahawia, kama milimita 17, ana mstari mweupe au wa njano ubavuni, na mapaja ya nyuma manene yenye miiba.

Bibi_Shamba
Nyongeza: msimchanganye na Clavigralla, mfyonza maganda mwingine, naye yumo kwenye kunde hizohizo. Clavigralla ana manyoya na miiba mabegani, ni mzito, na kichwa chake ni kidogo ukilinganisha na mabega. Kichwa cha Riptortus kinakaribia upana wa mabega. Mayai nayo: Clavigralla huyataga kwa mafungu, Riptortus moja moja, ndiyo maana ni nadra kuyaona.

Madhara yanafanana. Mrija unapenya ganda hadi kwenye punje, mate yanalainisha kilichomo, kisha anafyonza. Punje iliyofyonzwa usiiweke mbegu, mara nyingi haioti.

FundiWadudu
Kuhusu dawa: wakubwa wanaruka sana. Ukipulizia leo, wengine wanaingia kutoka porini. Eneo dogo, nenda alfajiri wakiwa bado wamepoa, ukung'utie mimea juu ya beseni la maji ya sabuni. Saa sita mchana utawafukuza tu. Na usipulizie wakati maua yamefunguka, utaua nyuki.

Jambo la ajabu kidogo: jamaa yake wa Asia, Riptortus pedestris, huokota bakteria wa Burkholderia udongoni akiwa tunutu na kuwafuga tumboni. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walionyesha kwamba baadhi ya bakteria hao humeng'enya dawa ya fenitrothion, na mdudu anayewabeba hafi kirahisi kwa dawa hiyo.

Mkunde_Dodoma
Asanteni. Pembeni nina marejea ya mbolea ya kijani, yameshaweka maganda. Niyafyeke?

Bibi_Shamba
Sasa hivi usiyaguse. Ukiyafyeka kunde zikiwa na maganda, wadudu waliokuwa huko wote watahamia kwenye kunde zako. Vuna kunde kwanza. Msimu ujao yafyeke yakianza kutoa maua, kabla kunde hazijaweka maganda.