Naenda Ireland peke yangu mwezi mzima: naomba mnikosoe ratiba kabla sijakata tiketi

Binti_Kondoa
Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni mhasibu, miaka 36, naishi Dodoma. Nimejibana miaka minne, na mwakani kuanzia katikati ya Mei nataka kwenda Ireland siku 30, peke yangu. Sijawahi kutoka nje ya Afrika, mbali kabisa nimefika Kigali.

Ratiba niliyoandaa: Dublin siku 4, Belfast 2, Derry 2, Donegal 3, Sligo 2, Galway 3, visiwa vya Aran 1, Doolin 2 kwa ajili ya ile miamba ya Moher, Limerick 1, Dingle 3, Killarney 3, Cork 3, Kilkenny 1, halafu narudi Dublin kupanda ndege. Nimeipanga kwenye Excel na imekaa sawa.

Naomba kujua: inawezekana? Nikodi gari au nipande mabasi? Na mimi ni Muislamu, kwenye kula itakuwaje? Wenye uzoefu tu, tafadhali.

Mzee_wa_Viwanja
Hela hiyo ungepata viwanja viwili Ihumwa, dada yangu. Unaenda kuangalia mvua?

Binti_Kondoa
Kiwanja ninacho mkuu. Ihumwa hiyohiyo.

Nesi_wa_Cork
😂😂 Hapo umemjibu vizuri.

Dada, mimi ni Mkenya, niko Cork mwaka wa sita sasa. Nitakuambia ukweli ingawa utakuuma. Hiyo ratiba ni ya mtu anayekimbizwa. Umeweka vituo 13 kwa siku 30. Kila ukihama, nusu ya siku inakwenda: kufungasha, kungoja basi, kufika kabla chumba hakijawa tayari, kukaa kwenye mkahawa na begi miguuni ukinywa chai ya tatu usiyoitaka. Hama mara 13 uone siku ngapi zitabaki za kuitazama hiyo nchi.

Nchi yenyewe ni ndogo, ndiyo. Treni ya Dublin mpaka Galway au mpaka Cork ni kama saa mbili na nusu. Lakini njia kubwa za reli karibu zote zinaanzia Dublin, kama vijiti vya gurudumu. Kutoka mji mmoja wa magharibi kwenda mwingine mara nyingi ni basi, na Donegal hakuna reli kabisa. Jumapili usiguse. Kuna vijiji ambako ukikosa basi la Jumapili mchana, linalofuata ni la Jumatatu. Mimi nilikwama hivyo mwaka wa kwanza, nikasaidiwa na mama mmoja aliyekuwa anatoka misa. Alinipeleka kilomita 30 na njia nzima ananiuliza kama Kenya kuna ng'ombe.

Halafu hiyo Belfast na Derry. Una viza ya Uingereza?

Binti_Kondoa
Si ni Ireland hiyohiyo? Mpaka nimesoma hauna hata geti.

Nimepigwa_Chini
Hapo ndipo watu wanapoumia. Ireland Kaskazini ni sehemu ya Uingereza. Viza ya Ireland kwa pasipoti yetu haikufikishi Belfast kihalali, na ya Uingereza haikufikishi Dublin. Ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ndiyo kabisa, maana Ireland haimo Schengen japo inatumia yuro. Ni kweli geti hakuna, treni inapita kama inatoka Morogoro kwenda Dodoma. Lakini maofisa wa uhamiaji huwa wanapanda mabasi na treni na kuuliza karatasi, na ukiangalia wanauliza nani kwanza, ni wenye rangi yetu. Ukivuka na viza ya kuingia mara moja, umeshatoka Ireland. Kurudi Dublin kupanda ndege yako huna ruhusa.

Kwa hiyo ama uombe viza mbili, na ya Ireland iwe ya kuingia mara nyingi (yuro 100 badala ya 60), ama uiache kaskazini. Ningekuwa wewe ningeiacha. Zile nguzo za mawe za Giant's Causeway, kama 40,000 hivi, ni nzuri kweli, ila hazina thamani ya viza mbili kwa safari ya kwanza.

Mimi walininyima mara ya kwanza. Wanataka taarifa ya benki ya miezi sita. Mwezi wa tano kaka aliniwekea milioni nane ili akaunti ipendeze, na sikuandika popote zimetoka wapi. Barua ya kukataliwa ilikuja na mstari mmoja juu ya hizo milioni nane. Mara ya pili nilieleza kila shilingi, nikaweka barua ya kazi inayoonyesha likizo na tarehe ya kurudi, wakanipa. Wewe mhasibu, hapo utawafundisha. Fomu inajazwa mtandaoni, na unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi mitatu kabla ya safari, sio zaidi. Karatasi ya Kiswahili weka na tafsiri yake. Na jua kwamba viza inakufikisha mlangoni tu. Pale uwanjani Dublin ofisa ndiye anayegonga muhuri na kuamua siku, kwa hiyo karatasi zako weka mkobani, sio kwenye begi kubwa.

Dereva_Mstaafu
Nijibu la gari. Kwa faida: wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo huna cha kujifunza upya. Hata plagi zao ni zetu hizi za pini tatu, chaja yako inaingia bila adapta. Kwa mgeni, leseni ya nyumbani inakubalika kisheria, ila kampuni nyingine za kukodisha zinapenda uwe na ile ya kimataifa pia.

Sasa hasara. Kwanza, kampuni niliyokodi mimi ilikataa kadi yangu ya kawaida ya benki, ikataka kadi ya mkopo yenye jina langu, na nilikuwa nimeshalipia nusu. Ile nusu sikuiona tena. Pili, otomatiki ni ghali kuliko manyuo. Tatu, barabara zenyewe. Vijijini unakuta njia upana wa bajaji mbili, kuta za mawe huku na huku, nyasi zimeota katikati ya lami, na kibao kinasema unaruhusiwa kilomita 60 au 80 kwa saa. Ukikutana na trekta mmoja wenu anarudi nyuma, na sio trekta. Mkishapishana, yule mzee ananyanyua kidole kimoja tu juu ya usukani. Hiyo ndiyo salamu. Nilichelewa kuielewa, siku mbili za kwanza nilidhani wananionya kuhusu tairi.

Kwa mtu wa peke yake: panda treni na mabasi, kodi gari siku mbili tatu tu ukiwa Kerry (huko kwenye Dingle na Killarney) au Connemara (upande wa Galway).

Jambo jingine, sehemu wanazoongea Kiairishi, milango ya vyoo imeandikwa Fir na Mná. Nikaona M, nikajua huu ni wa wanaume kama Kiingereza. Mná ni wanawake. Tuishie hapo.

Bin_Unguja
Assalaam alaykum bibie. Nipo Dublin mwaka wa nane. Kula usiwe na khofu. Dublin, Cork na Galway halali utaipata bila taabu, na hata Ballyhaunis, kimji kidogo huko Mayo, kina msikiti tangu 1987. Shida ni hizi nyumba za kulala na kifungua kinywa. Asubuhi watakuletea sahani imejaa: soseji za nguruwe, nyama ya nguruwe ya kukaanga, na vipande viwili vya duara, kimoja cheusi, kimoja cheupe. Cheusi ni damu ya nguruwe. Cheupe hakina damu lakini nguruwe yumo vilevile. Waambie usiku kabla: yai, uyoga, nyanya, na kikaango kingine. Hawakasiriki, watakuongezea mkate. Ule mkate wao wa magadi, wa moto na siagi, wallahi utausahau wa ufuta. Supu ya samaki pia uliza, wengine hutia nyama ya nguruwe ndani.

Sala: Juni jua la magharibi huko linazama saa nne usiku. Isha inakaribia saa sita, na alfajiri inakuja hujapindua mto. Kaa na sheikh wako kabla ya safari umuulize khasa kuhusu msafiri na kukusanya sala, usije ukakesha mwezi mzima.

Na kwa kuwa umekuja wazi, na mimi niwe wazi. Watu wengi ni wakarimu sana. Lakini Novemba 2023 palikuwa na fujo za kupinga wageni katikati ya Dublin, mabasi yakachomwa moto, na maneno machafu barabarani hayajaisha. Mimi na mke wangu mwenye mtandio tunatembea mchana popote, usiku mtaa wa O'Connell tunaupita, hatukai. Dublin usiipe siku nyingi. Nenda makumbusho ya Chester Beatty, bure, kuna misahafu ya kale utalia. Panda treni ya pwani mpaka Howth. Siku moja kaone Newgrange, kaburi la mawe lililotangulia piramidi za Giza. Basi, ondoka.

Mwenda_Pole
Nimesoma uzi wote. Mleta mada, kuna swali hakuna aliyeuliza. Kwa nini Ireland? Watu wakipata hela za safari ya kwanza wanaenda Dubai, Istanbul, Makka. Wewe umechagua ng'ombe na mvua. Ukilijibu hilo ratiba itajipanga yenyewe.

Binti_Kondoa
Umenikamata. Sikutaka kuliandika.

Sekondari nilifundishwa hesabu na sista mmoja kutoka Kerry, kijiji cha mbele ya Dingle. Mimi binti wa Kiislamu kwenye shule ya masista, mzee alinipeleka kwa shingo upande. Kidato cha pili nilitaka kuacha. Yule sista alikuwa akihesabu madaftari yetu kwa Kiairishi, chini chini, akidhani hatusikii: a haon, a dó, a trí. Tukawa tunamwigiza bwenini. Hadi leo nikihesabu noti ofisini inakuja hiyo kichwani kabla ya moja, mbili, tatu. Sasa ana miaka 84, yupo kwenye nyumba ya masista wazee hukohuko Kerry. Kila Krismasi ananiandikia, mimi namjibu Idd. Barua ya mwisho mwandiko umeanza kutetemeka.

Nesi_wa_Cork
Dada! Na umemwekea Dingle siku tatu, mwishoni mwa wiki ya tatu, katikati ya Limerick na Killarney kama kituo cha mafuta?

Futa Excel. Shuka Dublin, lala siku tatu upoze usingizi, kisha treni ya Killarney, kama saa tatu na kitu, mara nyingi unabadilisha Mallow. Kaa Kerry siku kumi na mbili. KUMI NA MBILI. Tafuta chumba kimoja, jikoni upo, nguo unafua. Ukiwa na nafasi tembea ile hifadhi ya Killarney, ya kwanza ya taifa kwao, tangu 1932, kulungu wekundu wanapita kando yako. Kwenda Dingle basi linatoka Tralee. Mtu wa 84 humtembelei mara moja ukapiga picha ukaondoka. Siku moja atakuwa amechoka, siku nyingine yuko hospitali, siku ya tatu ndiyo ya mazungumzo. Mimi wagonjwa wangu ndio hao, nawajua.

Baada ya hapo Galway siku nane, na Cork kwangu siku sita, nitakupeleka Cobh. Ile ndiyo bandari ya mwisho ya Titanic, Aprili 1912, na ndiyo walikopandia meli maelfu kwa maelfu waliokimbilia Amerika. Baki ya siku, rudi Dublin. Donegal itakungoja.

Nimepigwa_Chini
Na hiyo inasaidia viza pia. Mwombe sista au mkuu wa nyumba yao akuandikie barua ya mwaliko: nani wewe, mnajuana tangu lini, unakuja tarehe gani hadi gani. Ambatanisha bahasha mbili tatu za zamani zenye mihuri ya posta. Ofisa anataka kuona sababu inayoeleweka, na wewe unayo, umeificha.

Dereva_Mstaafu
Ukiwa Galway, Aran usiende kwa siku moja. Boti kutoka Rossaveal ni dakika kama 40, na watalii wote wanarudi na ya jioni. Lala Inis Mór, kile kisiwa kikubwa, usiku mmoja. Nilikodi baiskeli nikaenda mpaka ngome ya Dún Aonghasa, ukuta wa mawe matupu ukingoni mwa jabali, chini yako karibu mita 100 kisha bahari. Hakuna uzio. Watu wazima wanalala kifudifudi wanachungulia. Na mimi na kitambi changu nikalala kifudifudi nikachungulia. Upepo unakupiga usoni hadi machozi yanakwenda masikioni. Mwamvuli uache Dodoma, utageuka siku ya kwanza. Nunua koti la mvua lenye kofia.

Jumatatu ya kwanza ya Juni ni sikukuu kwao, vyumba vya wikiendi hiyo shika mapema.

Mzee_wa_Viwanja
Dada nimefuta kauli. Nenda kamsalimie sista.

Binti_Kondoa
Nimekaa na huu uzi tangu asubuhi, kazi haijafanyika. Ratiba mpya: Dublin 3, Kerry 12, Cork 6, Galway 7, Dublin 2. Galway nimeipunguza siku moja ili jumla iwe 30, nesi usinune. Usiku mmoja wa hizo saba ni wa Aran. Kaskazini nimefuta. Gari siku mbili tu, kadi ya mkopo naanza kuifuatilia benki wiki hii. Barua ya kuomba mwaliko nimeiandika leo, nimeisoma mara nne.

La mwisho. Nimpelekee nini? Asali ya hapa kwetu nimefikiria, korosho, au khanga.

Bin_Unguja
Khanga ndiyo yenyewe, na lichague jina vizuri, atakuuliza maana yake. Nyama na vitu vya maziwa usibebe, vinazuiwa uwanjani. Asali wana masharti nayo, usijitafutie maneno. Korosho sawa.

Nesi_wa_Cork
Na mletee majani ya chai ya Mufindi. Hawa watu wanakunywa chai na maziwa kutwa nzima kutupita sisi. Kuna pakiti wanayoisifu sana hapa Cork, wanakwambia hii ndiyo chai ya Kiairishi. Geuza nyuma usome: Kenya na Rwanda wamo.

Binti_Kondoa
Kumbe ndiyo maana sista alikuwa anailalamikia chai ya bwenini.