Mrejesho: LM741 na muda wa kupanda unaobadilika

Wakuu, niliuliza kwa nini LM741 yangu (chipu ya op-amp, yaani ya kukuza volteji) inatoa muda tofauti wa kupanda, yaani muda wa toleo kutoka chini hadi juu, kila nikibadilisha ukubwa wa wimbi la mraba. Mlioniambia nipime kwa wimbi dogo kisha kwa kubwa, asanteni sana, jibu lilikuwa hapo hapo.

Nimeiunga kama bafa, yaani toleo linafuata volteji ya kuingia bila kuikuza (gaini 1), umeme wa ±12 V, probu ya oscilloscope kwenye x10. Kwa wimbi la 50 mV, toleo linapanda kwa mkunjo laini, asilimia 10 hadi 90 kwa takriban 0.35 µs. Hapo kinachotawala ni upana wa bendi, yaani masafa ambayo chipu inaweza kuyafuata: gawa namba ya kanuni 0.35 kwa muda huo, unapata 1 MHz.

Nikapandisha hadi 10 V. Mkunjo ukapotea kabisa, ukabaki mstari ulionyooka kama rula: 8 V (asilimia 10 hadi 90 ya 10 V) kwa 16 µs, yaani 0.5 V/µs, kasi ya juu ya toleo (slew rate) ileile ya datashiti. Sababu yake imenifurahisha kuliko namba yenyewe. Ndani kuna kapasita ya 30 pF, na mkondo wa kuichaji una kikomo cha kama 15 µA. Mkondo ukishafika kikomo hicho, hata uongeze volteji ya kuingia, kasi haiongezeki.

Nikachomeka TL071, op-amp yenye kasi zaidi, kwenye soketi ileile, zile 8 V zikapita chini ya 1 µs. Kwa chipu ya kasi hiyo, pima kwanza muda wa kupanda wa jenereta ya mawimbi peke yake, la sivyo unaweza kuwa unapima jenereta.