Naombeni ushauri: nahamia fremu ya duka hapa Tabora, bango langu litaje mtumba au nifiche?

Binti_Isevya:
Habari zenu wakuu. Miaka minne natandika turubai sokoni hapa Tabora mjini. Hizi nguo za majina ya zamani zilinianza kwa koti moja. Kaka aliliokota soko la Karume, Dar: zito, kijani iliyopauka, kitambaa kimepakwa nta, kola ya kodrai ya kahawia. Likakaa wiki tatu, kila mtu analishika na kuliacha. Jioni moja nikasoma lebo ya ndani: Barbour, South Shields. Kutafuta, kumbe kampuni ilianza 1894 kule kaskazini mwa Uingereza, ikiwashonea mabaharia na watu wa bandarini nguo za kuzuia mvua. Kesho yake akapita mwalimu mmoja anayesafiri na pikipiki masika yote. Nikamsimulia. Akalipa bila kuomba apunguziwe.

Tangu hapo belo nalifungua kwa jicho jingine. Levi's, Lee, Burberry naziweka kando, nafua, napeleka kwa fundi. Sasa nimepata fremu, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Wenzangu wanasema niandike "nguo mpya kutoka Ulaya", eti mteja wa fremu hataki kusikia mtumba. Roho yangu inakataa. Mnanishaurije?

FundiCherehani:
Dada, usifiche. Mtu atakayelipa bei ya juu ndiye huyo huyo atakayegeuza mfuko kuangalia mshono. Jinzi ya Levi's tazama kile kitambaa chekundu cha mfuko wa nyuma: jina likiwa na E kubwa, mara nyingi hiyo ni ya kabla ya 1971. Ukiipata usiiuze haraka. Na zile ribiti za shaba, vile vipini vidogo vinavyokaza kona za mifuko, wazo lilikuwa la fundi cherehani kama mimi, Jacob Davis wa Reno, Nevada. Alikuwa akinunua kitambaa kwa Levi Strauss, wakapata hataza (haki ya kumiliki ubunifu) pamoja 20 Mei 1873. Mwambie mteja hilo huku kidole chake kikiwa kwenye ribiti.

Halafu umesema unafua. Koti la nta halifuliwi kwa sabuni wala maji moto, nta yote inatoka! Sponji na maji baridi, basi.

Mama K:
Mwanangu, mimi naogopa hiyo kodi. Miezi sita ukilipa, belo utanunua na nini? Omba mitatu. Na ufungue masoko ya tumbaku yakishaanza, pesa ikiwa mkononi mwa watu, siyo sasa.

Mzee_wa_Reli:
Naongeza moja. Bango lisibebe jina la Burberry wala la mwingine yeyote ukaonekana wakala wao. Sajili jina lako BRELA, wale wa serikali wanaosajili majina ya biashara. Historia iandike kwenye kikaratasi cha kila nguo, kwa mfano: "Burberry, ilianzishwa 1856 Basingstoke, Uingereza. Mtumba. Zipu imebadilishwa Tabora." Mimi ningenunua.

Binti_Isevya:
Asanteni sana, hasa la sabuni, maana nina koti jingine lilikuwa kwenye beseni nikalitoa mbio. Mama K, nimerudi kwa mwenye nyumba, amekubali miezi mitatu. Bango nimeagiza leo: "Mtumba wenye asili yake". Vikaratasi naanza kuviandika usiku huu.