Nilisema nataka mafaili, sikusema nataka Windows mpya!

Wakuu, heshima kwenu. Leo mnivumilie, nikiendelea kunyamaza nitapasuka. Uzi huu ni wa malalamiko na walengwa ni mafundi wa kompyuta. Si wote. Wapo wanaoijua kazi na wenyewe wanajijua, hao wasinune. Nawasema wale ambao kila ugonjwa wa laptopu dawa yao ni moja tu: piga Windows, yaani isakinishe upya.

Laptopu yangu iligoma kuwaka vizuri. Inaonyesha nembo, inaandika kwamba inajitengeneza yenyewe, inajizima, inawaka, inarudi palepale. Kioo kizima, kibodi nzima, chaji inaingia. Nikaipeleka kwa fundi nikamwambia kwa kinywa changu: "Fundi, hii mashine ni ya zamani, hata ikifa sina kinyongo nayo. Ninachotaka ni mafaili yaliyomo." Nikamtajia kabisa: folda ya hesabu za kazi, mikataba iliyoskaniwa na picha za familia. Akaitikia vizuri. Akachukua kikaratasi, akaandika kwa mkono wake "DATA MUHIMU", akakibandika juu ya mfuniko.

Baadaye akanipigia, sauti imejaa furaha: "Bosi, njoo uchukue mashine yako, imepona, inakimbia kama mpya!"

Kweli inakimbia. Itaacheje kukimbia wakati haina kitu ndani? Windows mpya, picha ya ukutani mpya, folda ya nyaraka nyeupe pee. Nikauliza mafaili yako wapi. Akanitazama kama nimemuuliza habari za mtu asiyemfahamu. "Ah, yalikuwa kwenye C? Sasa bosi, C lazima ifomatiwe." (C ndiyo sehemu ya diski inapokaa Windows, na kufomati ni kuifuta yote.) Na kikaratasi chake bado kimebandikwa pale pale kwenye mfuniko, DATA MUHIMU, hakukitoa hata kwa aibu.

Nilipoanza kupandisha sauti, stori ikabadilika. Mara virusi vilishakula kila kitu kabla hajaigusa. Mara diski ilikuwa mbovu, isingesomeka. Hapo ndipo aliponimaliza kabisa. Kaka, kama diski ilikuwa mbovu, hiyo Windows yako umeiweka wapi? Kwenye mfuko wa shati? Diski ileile unayosema haisomeki imepokea Windows nzima na inakimbia kama mpya, umesema mwenyewe.

Sasa nieleze kwa nini nina hasira kiasi hiki, maana najua wapo watakaosema ni bahati mbaya. Si bahati mbaya hata kidogo. Windows ikishindwa kuwaka, mara nyingi kilichoharibika ni mafaili ya mfumo wenyewe: sasisho lililokatikia njiani, faili la kuwashia lililovurugika. Folda za mtumiaji zinakuwa zimekaa kwenye diski ileile, hazijaguswa, zinasubiri mtu wa kuzinakili. Fundi alihitaji flashi moja tu yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta mbali na Windows. Unaichomeka, unawasha mashine kupitia flashi, unachagua kujaribu bila kusakinisha, unafungua diski ya ndani, unaingia kwenye folda ya Users, unanakili kwenda diski ya nje. Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, inafanya hivyo na ni ya bure. Wakati mwingine Linux inakuambia diski ya Windows haikufungwa vizuri na inakupa ruhusa ya kusoma tu, bila kuandika. Sawa! Kusoma ndiko tunakotaka! Nani alikuomba uandike?

Njia ya pili, unafungua mfuniko wa chini, unachomoa diski, unaitia kwenye kasha la USB na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine kama flashi kubwa. Windows ya kompyuta hiyo ikikukatalia folda kwa sababu zilikuwa za mtumiaji mwingine, unabadilisha umiliki kama msimamizi, basi, unanakili.

Na hata kama fundi ni mvivu wa kupindukia na hataki habari ya flashi wala bisibisi, bado angeweza kunisaidia kwa uvivu wake huohuo. Ukisakinisha Windows juu ya patisheni (kipande cha diski) ya zamani bila kuifomati, programu ya kusakinishia yenyewe inaihamisha Windows ya zamani pamoja na folda za watumiaji kwenye folda inayoitwa Windows.old. Inakuonya kabisa kabla ya kuendelea. Diski yangu haikuwa na kufuli lolote la kuficha data, ingekubali. Kwa hiyo ili mafaili yangu yafutike, huyu bwana ilibidi achague patisheni, abonyeze kufomati, asome onyo kwamba kila kitu kitapotea, kisha abonyeze kukubali. Alifanya kazi ya ziada ili kuniharibia!

Akaniahidi: "Tulia bosi, usiku nitaweka programu ya kurejesha, yatarudi yote." Hapa ndipo ninapotaka wenye laptopu za siku hizi mtege sikio. Kwenye diski za zamani za kuzunguka, ukifuta faili kinachotoka kwanza ni jina lake kwenye orodha. Data yenyewe inabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ndiyo maana zamani ulikuwa ukifomati kwa haraka, mtu anakuja na programu yake anakurudishia nusu ya maisha. Kwenye SSD, diski za kisasa zisizo na kitu kinachozunguka, mambo ni mengine. Tangu Windows 7 iliyotoka 2009, mfumo ukifuta au ukifomati unaipelekea SSD amri inayoitwa TRIM, yaani "sehemu hizi sizihitaji tena." SSD inazisafisha yenyewe ndani kwa ndani, ili iwe tayari kuandikwa upya kwa kasi. Baada ya hapo programu ya kurejesha mara nyingi inasoma sifuri tupu. Yangu ni SSD. Fundi aliyeifungua na kuishika mkononi anajua ni SSD. Alipokuwa ananiahidi usiku ule, ama hakujua kazi yake, ama alinidanganya ili nisimkunje pale dukani. Sijui kipi ni kibaya zaidi.

Kabla ya huyu nilipita kwa mwingine, naye nimhesabie yake. Aliitoa diski, akaijaribu kwenye kasha lake la USB, haikuonekana, akatangaza msiba: "Hii imekufa, nunua nyingine." Kumbe diski hizi nyembamba za M.2 ziko za aina mbili, za SATA na za NVMe, yaani njia mbili tofauti za kuwasiliana na kompyuta, na kwa macho zinafanana karibu kila kitu. Kasha lake lilikuwa la SATA peke yake. Diski ya NVMe humo haionekani hata iwe imetoka kiwandani asubuhi hiyohiyo. Fikiria ni watu wangapi wamerudi nyumbani wakilia kwa sababu fundi hana kasha sahihi na hataki kusema hana!

Kuna na hii nyingine. Laptopu nyingi za Intel za miaka ya karibuni zimewekewa kwenye BIOS (programu inayoiamsha mashine kabla ya Windows) mpangilio wa kusimamia diski unaoitwa VMD, na ukiwasha kwa flashi, diski ya ndani inaweza isionekane kabisa. Asiyejua anasema diski imeondoka. Haijaondoka, inahitaji dereva (programu ndogo ya kuitambulisha diski) au mpangilio ubadilishwe. "Sijui" ni neno dogo, mafundi, halina gharama. Semeni "hii siiwezi, mpelekee fulani." Tutawaheshimu zaidi.

Tukija kwa diski inayougua kweli, hapo hasira yangu inaongezeka, maana madhara ni makubwa zaidi. Diski ya kuzunguka ikianza kugonga tik tik tik, inazimwa. Sasa hivi. Kile kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na nafasi kati yao ni ndogo kuliko vumbi. Kichwa kikiharibika, kila unapowasha unaweza kuwa unakwangua data yenyewe. Lakini nenda kwa hawa wenzetu: wanawasha, wanazima, wanawasha, wanaipiga kofi, halafu wanaendesha chkdsk "isafishe makosa". Chkdsk kazi yake ni kuunyoosha mfumo wa mafaili, haina uchungu na picha zako. Inaandika kwenye diski inayokata roho, na vipande isivyojua vya nani inavitupa kwenye folda ya FOUND.000 vikiwa na majina ya .CHK. Kazi njema kutafuta mkataba wako humo. Na yule aliyeeneza habari ya kuiweka diski kwenye friza naye atafutwe, maana ikitoka huko inatoa jasho ndani, na maji na sahani za diski havijawahi kupatana.

Diski dhaifu inanakiliwa nzima kwanza, kipande kwa kipande, kwenda diski nyingine yenye afya, kisha unahangaika na nakala. GNU ddrescue inafanya kazi hiyo bure kabisa: inachukua kwanza sehemu zinazosomeka kirahisi, zile korofi inaziruka na kuzirudia mwishoni, na inaweka kumbukumbu ya ilipofikia ili umeme ukikatika usianze upya. Ukishapata nakala, TestDisk inakusaidia kurudisha patisheni iliyopotea, PhotoRec inachokonoa picha na nyaraka hata kama orodha ya mafaili imeharibika. PhotoRec hairudishi majina ya mafaili, hilo mlijue, utapewa maelfu ya mafaili yenye namba na utakaa uyafungue moja moja. Lakini utayafungua.

Wakati huohuo mtandaoni umejaa matangazo ya programu za "kurejesha bure". Unapakua, inaskani, inakuonyesha majina ya mafaili yako yote moyo unadunda, ukibonyeza kuyatoa inakuambia lipia. Na wengi wanaisakinisha kwenye diski ileile wanayotaka kuiokoa, inaandika juu ya kilekile walichokuwa wanakitafuta. Biashara ya kuwauzia watu waliochanganyikiwa.

Watengenezaji nao wasijifiche nyuma ya mafundi. Mtu ananunua laptopu yenye Windows 11, anaingia kwa akaunti ya Microsoft, na diski inafungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data, bila mtu kumkalisha chini na kumweleza. Tangu toleo la 24H2 la Windows 11 la mwaka 2024 masharti ya kujifunga hivyo yamelegezwa, mashine nyingi zaidi zinaingia humo. Siku bodi kuu ya laptopu ikifa, unahamisha diski kwenye mashine nyingine, inakudai ufunguo wenye tarakimu 48. Tarakimu 48! Mara nyingi ufunguo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft uliyoingilia siku ya kwanza, lakini kama akaunti alikufungulia muuzaji kwa barua pepe yake, pole. Wenye MacBook za tangu 2018 ndio hata kuchomoa hawawezi: hifadhi imechomelewa kwenye bodi, na ufunguo wake unakaa ndani ya chipu ya bodi hiyohiyo. Bodi isipofufuliwa, hakuna mazungumzo. Nakubali kufuli linamzuia mwizi, sipingi. Nachopinga ni kufungiwa chumba changu mwenyewe bila kuambiwa kuna kufuli.

Sasa najua mnachotaka kuandika hapo chini. "Ungeweka bakapu mkuu." Naomba sana, sana, kabla hujaandika hivyo ujiulize kama inamwondolea fundi hatia. Mimi nilipeleka mafaili yakiwa hai. Yalikuwepo mpaka alipobonyeza kufomati. Bakapu ni jambo jema, fungueni uzi wake nitakuja kuchangia.

Ninachodai ni hiki. Kuokoa mafaili na kutengeneza laptopu ni kazi mbili, na mara nyingine zinagombana. Mteja akija, fundi aulize kwanza: unataka mashine au unataka vilivyomo? Akijibu vilivyomo, hakuna kuandika chochote kwenye ile diski mpaka nakala itoke na mteja aione kwa macho yake, afungue faili mbili tatu ahakikishe. Na bei zitenganishwe, nitalipia kuokolewa mafaili hata mashine ikibaki gofu.

NYONGEZA: Wanaoniuliza kama nimepata chochote: mikataba kiasi nimeipata kwenye barua pepe nilizowahi kutuma, nilitafuta kwenye folda ya zilizotumwa kwa majina ya wateja. Picha chache ndugu wamenirudishia za WhatsApp, zimebanwa, ukikuza zinakuwa ukungu. Hesabu hazipo.

Wanaoniuliza kama nimelipa: hapana. Jana kanitumia ujumbe anakumbushia pesa yake ya Windows, na ameongeza na ya programu ya kuzuia virusi ambayo sikumwomba. Mwenye uzoefu wa kumdai fundi fidia, na si kudaiwa naye, aniandikie hapa. Karatasi ya DATA MUHIMU ninayo, nimeipiga picha, na ujumbe wake wa kudai pesa ya Windows ninao pia.