Herode alikufa 4 KK, orodha ya Kirenio ni ya 6 BK: niwajibuje vijana wa kipaimara?

Mwl_Majilio: Bwana Yesu asifiwe. Nafundisha kipaimara usharikani. Binti mmoja wa kidato cha tatu kaniuliza mbele ya wenzake: Mathayo 2 inasema Yesu alizaliwa Herode akiwa hai, na Herode alikufa 4 KK. Luka 2:2 inasema alizaliwa wakati wa orodha ya Kirenio, liwali wa Shamu (Siria), ambayo ni ya 6 BK. Ipi ni kweli? Jumapili nataka kumpa jibu, si kumnyamazisha. Nisaidieni.

Mkunga_wa_Neno: Mwambie kwanza kwamba kauliza vizuri. Habari za Kirenio tunazo kwa Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza. Arkelao, mwana wa Herode, alipoondolewa, Warumi waliitwaa Uyahudi na kumtuma Kirenio aandikishe mali za watu ili walipe kodi. Herode alipokuwa hai kodi alikusanya mwenyewe, hivyo orodha ya namna hiyo haikuwa na sababu. Yuda Mgalilaya aliasi wakati huo, na Luka anamtaja kwenye Matendo 5:37. Tena ugumu umo ndani ya Luka mwenyewe: 1:5 inaanza "zamani za Herode".

Shemasi_K: Msiwachanganye watoto. Kirenio alikuwa liwali mara mbili, basi.

Mkunga_wa_Neno: Shemasi, shikamoo. Miaka ya mwisho ya Herode liwali wa Shamu alikuwa Saturninus, kisha Varus, na Varus ndiye aliyekuwepo Herode alipokufa. Kirenio tumwingize wapi?

Ndugu_Mtafiti: Wapo wanaosogeza kifo cha Herode hadi 1 KK, kwa sababu Josephus anataja kupatwa kwa mwezi kabla yake. Mimi sikubali. Antipa, mwana wa Herode, aliondolewa madarakani 39 BK, na zipo sarafu zake zilizogongwa "mwaka wa 43", yaani wa utawala wake ulioanza baba yake alipokufa. Hesabu kurudi nyuma, unafika 4 KK. Na binti asishangae Kristo kuzaliwa "kabla ya Kristo": hesabu hii ya miaka ilitungwa na mtawa Dionysius mwaka 525, naye hakuupata mwaka halisi.

Mwl_Majilio: Mbarikiwe. Je, nikisema Luka alikosea tarehe, wazazi si watanijia juu?

Mkunga_wa_Neno: Sema unavyoamini. Mimi naona Luka aliunganisha orodha iliyokuwa maarufu na kuzaliwa kulikotokea miaka kadhaa kabla. Bali Mathayo na Luka, wasiosimulia kwa njia moja, wote wanataja Bethlehemu, Mariamu, Yusufu na enzi za Herode. Wafungulie Luka 1:5, Luka 2:2 na Mathayo 2:1, wasome wenyewe kwa sauti. Mchungaji umjulishe kabla ya Jumapili, asisikie kwa wazazi.