Tupeane uzoefu: nani alikuchangia nauli ya kwenda Mlimani, nawe umerudisha nini?

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Uzi huu ni wetu sote tuliopita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wa zamani na waliomaliza juzi.

Naanza mimi. Nilipochaguliwa mwaka 1996, kahawa ya baba kule Mbinga ilikuwa haijalipwa bado. Ukoo ukakaa kikao. Daftari la michango ninalo mpaka leo: shangazi alitoa jogoo, jirani debe la mahindi, mwalimu wangu wa darasa la saba akanipa sanduku lake la bati. Nilisomea ualimu, na tangu 1999 nafundisha Jiografia katika sekondari za vijijini. Nikishawishika kuacha kazi, hulifungua lile daftari. Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda kuleta chakula kutoka mbali. Mimi walionipa chakula nawajua kwa majina. Karibuni.

*Mhandisi mstaafu, Shinyanga*

Marahaba mwalimu. Sisi ni watoto wa Azimio la Musoma la 1974: hukuruhusiwa kwenda chuo moja kwa moja ukitoka kidato cha sita. Nilipita JKT, nikawa karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na hadi mwajiri na tawi la chama waliponipendekeza ndipo nikaingia Uhandisi mwaka 1979. Wengi tulinung'unika. Leo naona miaka ile ilinifaa sana, kwa kuwa nilikaa na wakulima nikawajua.

Hata hivyo kazini nilikosea. Mradi wangu wa kwanza wa maji niliuwekea pampu ya dizeli. Michoro ilikuwa safi kabisa. Dizeli ikaadimika, kina mama wakarudi mtoni na ndoo zao, na kila tulipopishana njiani waliniamkia kwa adabu. Adabu ile iliniuma kuliko matusi. Nilipohamishiwa nyanda za juu, nilianza kwa kuwauliza wao chemchemi isiyokauka iko wapi. Tukalaza bomba la mserereko, bila injini. Maji yale yanatoka hadi leo.

*Hakimu wa mahakama ya mwanzo*

Shikamoo mzee. Mimi niliingia Sheria 2007, enzi za bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu. Hosteli ya Mabibo nilibebwa mwaka mzima, yaani kulazwa chumbani kwa mwenzangu, wawili kitanda kimoja, na aliyenibeba nitamshukuru daima.

Kilichonipeleka Sheria ni kifo cha baba. Ndugu walikaa kikao, wakachukua shamba na hata baiskeli, mama akiwa jikoni anawapikia. Sasa mashauri ya mirathi hayaishi mezani kwangu. Ndugu wakileta muhtasari wa kikao cha ukoo, macho yangu hutangulia kwenye orodha ya waliohudhuria. Jina la mjane lisipokuwemo, namwita aje asikike mwenyewe. Wengine hufika wakitetemeka, hawajawahi kuulizwa lolote kuhusu mali waliyoitafuta kwa miaka 30. Nawapa muda. Nawasikiliza mpaka wamalize.

*Mfanyakazi wa benki*

Nawapongeza wote. Mimi sijawahi kuajiriwa serikalini. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi nilikatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi hadi ukaisha. Je, sijarudisha?

*Mwalimu, mwanzisha uzi*

Umerudisha mdogo wangu, na fedha hiyo inamsomesha mwingine. Usijione mdogo hapa. Lakini Bodi ilikuja ukiwa umeshafika Dar. Nauli ya basi alitoa nani?

*Mfanyakazi wa benki*

Bibi yangu. Alikuwa akiuza vitumbua stendi ya Korogwe. Alifungua pindo la kanga akanihesabia elfu kumi na tano, noti za mia tano tano. Yupo hai. Mara ya mwisho kwenda kumwona ilikuwa 2019.