Kivukoni: abiria asiyeona, kiziwi na wa kiti mwendo nimhudumieje?

Kijana_Igogo: Habari zenu wakuu. Wiki ijayo naanza kazi ya kupanga abiria kwenye kivuko cha Mwanza–Kamanga. Nataka kusaidia abiria wenye ulemavu bila kumdhalilisha mtu. Nianzie wapi?

Fimbo_Nyeupe: Asiyeona msalimie kwanza, jitambulishe, kisha uliza: "Nikusaidie?" Akikataa, mwache. Usimvute mkono wala kushika fimbo yake. Mpe mkono wako aushike juu ya kiwiko, wewe utangulie nusu hatua. Ukipanda au kushuka, anahisi kupitia mwili wako. Mkifika kwenye bati la kupandia simama kabisa, mwambie "kuna ukingo mbele, tunapanda". "Pale" na "kule" havimsaidii, sema "kushoto kwako, hatua tatu". Mwekee mkono kwenye egemeo la benchi, atakaa mwenyewe. Jaketi okozi liguseni pamoja ajue lilipo. Chenji mpe noti mojamoja ukiitaja: "hii elfu tano, hii elfu mbili". Ukiondoka muage, usimwache anaongea na hewa.

Fundi_Viti_Nyakato: Kiti mwendo usikiegemee wala kutundikia mizigo, na usikisukume kabla hajakubali. Mteremkoni kishushe kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie. Ukikielekeza mbele, vile vidogo vinanasa kwenye ukingo wa bati na mtu anarushwa kifudifudi. Hili ndilo kosa linaloumiza watu, mkuu. Ikibidi kubeba, shikeni fremu. Sehemu za kuwekea mikono na miguu kwenye viti vingi huchomoka. Chomboni mkae mbali na magari, breki zote mbili zifungwe. Breki ikiteleza, kagua upepo: tairi likilegea, breki hailigusi sawasawa.

Kijana_Igogo: Nashukuru sana. Kiziwi je, nipaze sauti?

Alama_Mza: Hapana. Ukipaza sauti midomo inapinda, hata anayeisoma anapotea. Mpungie mkono au mguse begani taratibu. Usilipe ziwa kisogo, mng'ao wa maji nyuma yako unautia uso wako giza. Andika kwenye simu kwa sentensi fupi, kwani kwa wengi lugha ya kwanza ni Lugha ya Alama ya Tanzania, Kiswahili ni ya pili. Akiwa na mkalimani, mtazame yeye mwenyewe unapoongea. Neno "bubu" liache kabisa, sema kiziwi. Na kila kipaza sauti kikitangaza kuchelewa au kubadilishwa chombo, mfuate alipokaa umwonyeshe maandishi.